Maadui Wanaopatana Kwenye Katuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu hapa Nairobi: wanaotazama katuni na anime tangu wakiwa wadogo na hawaoni sababu ya kuacha, wazazi wanaotaka kujua watoto wanatazama nini, na vijana wanaoandika au kuchora stori zao wenyewe. Majibu ni maoni yangu. Onyo moja tu: miisho ya stori imefichuliwa humu bila huruma. Kama hujamaliza *Avatar: The Last Airbender*, tazama kwanza, urudi baadaye.

Mnaposema "maadui wa zamani", mnamaanisha nani hasa?

Watu wawili ambao angalau mmoja wao alimuumiza mwenzake kweli, akijua anachofanya. Wanaoshindania kombe hawamo. Shabiki wa Gor na wa Ingwe, timu mbili za mpira zenye upinzani wa jadi, wanaotukanana uwanjani, kisha wakabanana kwenye matatu moja kurudi Umoja, hao ni mashemeji tu, kama wanavyoitana wenyewe.

Mbona stori hizi hutushika kuliko za marafiki waliopendana tangu mwanzo?

Rafiki wa utotoni anajua unapoumia, lakini hajawahi kupagusa kwa makusudi. Adui ameshapiga hapo hapo. Anapajua vizuri. Kwa hiyo siku unapoketi mbele yake ukamwonyesha kidonda, mtazamaji hupumua kwa shida, kwa maana swali ni moja tu: atapiga tena? Kwangu mimi, kuaminiana kati ya maadui wa zamani ni hicho tu. Mmoja anampa mwenzake nafasi ya kumuumiza upya, na mwenzake anaiacha ipite. Kuombana radhi, kukumbatiana na machozi ni mapambo. Mazuri, lakini mapambo.

Hadithi zetu za kale hazikuwa na subira na jambo hili. Kumbuka kima na papa. Papa anambeba kima mgongoni, na wakifika katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Wakirudi, anapanda mti, na hashuki tena. Papa anapombembeleza, kima anamsimulia habari za punda wa dobi, yule aliyeponea chupuchupu kwa simba, akashawishiwa kurudi, akaliwa, na sungura akasema punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi. Busara ya hadithi ile ni kwamba harudi mtu mara ya pili. Katuni ninazozizungumzia zinamuuliza kima swali ambalo hakutaka kulisikia: je, ipo hali ambayo mwenye akili timamu anaweza kushuka mtini?

Sijawahi kutazama stori ya namna hii. Nianzie wapi?

Kwa Zuko. Wengine watakupeleka kwa Vegeta wa *Dragon Ball Z*, na sitagombana nao, lakini Zuko ndiye aliyeandikwa kwa uangalifu zaidi.

*Avatar* ilionyeshwa na Nickelodeon kuanzia mwaka 2005 hadi 2008, sehemu 61 katika misimu mitatu. Zuko ni mwana wa mfalme wa Taifa la Moto, aliyechomwa uso na baba yake mwenyewe akiwa na miaka 13, akafukuzwa na kuambiwa asirudi bila kumkamata Avatar. Kovu analo jichoni kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, na Waswahili walishasema: mwenye kovu usidhani kapoa. Msimu wote wa kwanza anamwinda Aang, kijana ambaye ndiye Avatar, na wenzake. Wa pili anakuwa mkimbizi. Katikati ya wa tatu anawaendea waliokuwa mawindo yake na kuwaomba wampokee.

Anawaendea vibaya, na hilo ndilo linalonifurahisha. Anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya chura. Akiitoa mbele ya watu, inaharibika: anajitaja mabaya mengine ambayo hawakuyajua. Usiku Toph, mmoja wa wenzake Aang, anakwenda kambini kwake kumsikiliza, naye kwa kushtuka anamchoma miguu. Lakini tazama kinachomfungulia mlango. Anakiri kwamba moto wake humshinda na huwaumiza watu hata asipotaka. Aang, aliyewahi kumchoma mwenzake Katara mikono bila kukusudia, anaguswa na maneno hayo, kwa maana kosa hilo analijua kwa uzoefu. Mambo aliyojisifia hayakumsaidia Zuko hata kidogo.

Wote wamemkubali Zuko. Mbona Katara anashikilia kinyongo? Si anatia chumvi?

Swali hili ndilo huulizwa kuliko yote, na mara nyingi na watu waliosahau pango la Ba Sing Se.

Mwisho wa msimu wa pili, Katara na Zuko wamefungiwa pamoja chini ya ardhi. Katara anamfokea, analia, anamweleza kwamba Taifa la Moto lilimuua mama yake. Zuko anasema naye alimpoteza mama. Polepole hasira inatulia. Katara anatoa kichupa cha maji matakatifu kutoka Ncha ya Kaskazini, maji ya kutumika mara moja tu, na kusema huenda yakaponya kovu lake. Anamgusa uso. Zuko, ambaye hamruhusu mtu kuligusa kovu lile, anafumba macho.

Muda mfupi baadaye Zuko anachagua upande wa dada yake Azula. Aang anapigwa radi ya Azula na kuanguka, na maji yaleyale ndiyo yanayomrudishia uhai. Hesabu mwenyewe: laiti Katara angeyamimina usoni mwa Zuko dakika chache mapema, rafiki yake angekufa mikononi mwake. Kwa hiyo wenzake wanapomsamehe adui, yeye anatakiwa amsamehe mtu aliyeuona moyo wake ukiwa wazi kisha akaenda zake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa hata si ung'ongo, ni nyoka yuleyule karudi anaomba kulala ndani.

Kinachomgeuza hakiji kwa maneno. Zuko anamuuliza afanye nini ili alipe, na Katara anamjibu kwa ukali kwamba labda amrudishie mama yake. Jambo lisilowezekana. Zuko anachukua swali la mama huyo kwa uzito, anamuuliza Sokka, kaka yake Katara, siku ile ilikuwaje, anatambua ni kikosi gani kilihusika, kisha anakaa nje ya hema la Katara usiku kucha akingoja aamke. Wanakwenda pamoja kumtafuta muuaji. Njiani Katara anamwonyesha Zuko upande wake wa kutisha kuliko wote, anapoutawala mwili wa mtu kwa kuisukuma damu yake, ujuzi aliowahi kuapa kuwa hataki kuutumia. Zuko hasemi kitu. Hamhukumu, wala hampigii makofi.

Wanampata muuaji akiwa mzee mwoga anayegombezwa na mama yake. Katara anayasimamisha mabarafu hewani, yakiwa hatua chache kutoka kifuani mwake, anayaacha yayeyuke. Hamuui. Hamsamehi pia, na anasema wazi kwamba hatamsamehe kamwe. Anayemsamehe ni Zuko. Ninapenda sana kwamba waandishi walizitenga hizo mbili. Stori nyingi zingemlazimisha binti wa watu asamehe kila kitu jioni moja ili muziki upigwe.

Na Iroh, baba mkubwa wa Zuko? Yeye alisamehe upesi mno.

Iroh hakuwa amefunga mlango. Zuko anamkuta amelala hemani, anakaa kando yake hadi asubuhi, anaanza kuomba radhi huku analia, na kabla hajafika popote mzee anamvuta na kumkumbatia. Anasema hakuwahi kukasirika. Alihuzunika tu, akihofia kijana amepotea njia. Kumbuka Iroh alimzika mwanawe wa pekee aliyekufa kwenye vita vya Ba Sing Se. Mtu wa namna hiyo haweki madaftari ya deni. Ila usimfanye kipimo cha kumpimia Katara. Mmoja ni mzazi, mwingine ni mwathiriwa.

Vegeta hajawahi kuomba msamaha hata siku moja. Mbona tunampenda?

Kwa sababu *Dragon Ball Z* ilikuwa na muda mrefu, 1989 hadi 1996, na muda hufanya kazi ambayo maneno hayafanyi. Mara ya kwanza Vegeta anakuja duniani na marafiki wanne wa Goku, shujaa wa stori, wanauawa. Kwenye sayari ya Namek, akiwa anakufa kwa mkono wa Frieza, anamlilia Goku. Mtu mwenye kiburi kile! Anamweleza Goku jinsi Frieza alivyoteketeza sayari yao na alivyomtumikisha yeye tangu utotoni, anamwomba amshinde. Goku anamzika. Hakuna aliyesamehewa pale, lakini kidonda kimeonyeshwa kwa mtu ambaye angeweza kucheka, naye hakucheka.

Baada ya hapo ni mambo madogo madogo ya miaka: nyumba ya Bulma, mtoto, ubishi. Siku anapomkumbatia mwanawe Trunks mara moja na kwenda kujilipua mbele ya adui Buu, na baadaye anapokiri moyoni tu kwamba Goku ndiye namba moja, unagundua kwamba hajabadilika tabia. Bado ni mkali na mwenye majivuno. Amebadilika mahali anaposimama wakati wa hatari.

Piccolo lakini ndiye aliyemtangulia. Anamchukua Gohan, mtoto wa adui yake, kwa nguvu, anamfunza vita kwa ukali, na miezi baadaye anasimama kati ya mtoto huyo na pigo la Nappa. Anakufa akilia, akisema Gohan ndiye pekee aliyemtendea kama rafiki. Mtoto hakuwa na mkakati wowote. Alimwamini tu, na Piccolo hakuwa na mazoea na kitu hicho.

Je, ni lazima walie?

Hapana. Machozi ya kwenye anime ni mengi kuliko mvua ya Aprili. Hata hivyo, machozi ya Naruto kwa adui yake Gaara, katika anime ya *Naruto*, ninayapa heshima yake: wamepigana mpaka wote wameishiwa nguvu, Naruto anajikokota kwa kidevu kumfuata, na anamlilia kwa sababu upweke wa mwenzake ni wake pia. Miaka mingi baadaye, majeshi yaliyokuwa maadui yakikaribia kupigana yenyewe kwa yenyewe, Gaara ndiye anayesimama kuwasimulia habari za rafiki aliyemlilia alipokuwa adui yake.

Mtoto wangu ana miaka saba. Nimwonyeshe nini?

*How to Train Your Dragon*, ya mwaka 2010. Hiccup anamdungua joka, anashindwa kumuua, anamkata kamba. Joka limepoteza upande mmoja wa mkia na haliwezi tena kuruka, na aliyesababisha ni Hiccup mwenyewe. Mwambie mtoto atazame mambo mawili. La kwanza, joka linanguruma mpaka Hiccup atupe kisu chake. La pili, Hiccup ananyosha mkono huku akigeuza uso pembeni. Hamtazami, hamlazimishi. Joka ndilo linalosogea. Watoto huelewa bila kufafanuliwa, hasa wale waliowahi kujaribu kumshika paka wa jirani.

*Princess Mononoke* ya Hayao Miyazaki, 1997, isubiri. Ni mchoro mzuri ajabu, lakini mikono ya watu inakatika.

Je, kila adui anastahili kuaminiwa mwishowe?

La. Na *Princess Mononoke* hiyo hiyo ndiyo jibu bora ninalolijua. San, aliyelelewa na mbwamwitu, anamwambia Ashitaka kwamba anampenda yeye lakini hawezi kuwasamehe binadamu. Ashitaka habishani. Yeye atakaa mjini kusaidia kujenga upya, San akae msituni, na atakuwa akienda kumtembelea. Filamu inaishia hapo, kila mtu kwake. Wapo wanaolalamika kwamba hiyo si suluhu. Kwangu ni heshima kubwa kumwachia mtu kinyongo chake chenye sababu na bado ukaenda kumjulia hali.

Catra alimtesa Adora misimu mingi. Si huo ni uhusiano wa sumu unaopakwa sukari?

Hoja ina uzito. Katika *She-Ra and the Princesses of Power*, iliyotoka Netflix kati ya 2018 na 2020, Catra, rafiki wa utotoni wa Adora aliyegeuka adui, anafikia hatua ya kuvuta kishikio akijua dunia nzima inaweza kuangamia, na malkia Angella anapotea kwa sababu hiyo. Kinachoniridhisha kiasi ni mpangilio wa msimu wa tano. Catra anamtorosha Glimmer, rafiki wa Adora, kutoka kwa adui mkuu Horde Prime akijua yeye mwenyewe atabaki na kuadhibiwa, na anaomba radhi akidhani hatamwona Adora tena. Hapo hakuna anachonunua. Kisha akiokolewa anakuwa mkali, anajificha, anawasukuma watu. Ni kweli kwamba Entrapta, aliyepelekwa na Catra kwenye kisiwa cha kufia, anamsamehe kwa sekunde chache tu. Hilo ni jepesi mno. Adora na Catra wanapokuwa wapenzi mwishoni, nusu ya watazamaji ninaowajua hushangilia na nusu hukunja uso. Nami hubadilika kulingana na siku.

Hii si ndiyo handisheki?

Ulitegemewa kuuliza. Tarehe 9 Machi 2018, kwenye ngazi za Harambee House, Uhuru na Raila walishikana mikono baada ya uchaguzi wa 2017 na ule wa marudio. Miaka kumi kabla, Februari 28, 2008, Kibaki na Raila walitia saini mapatano nje ya jengo lilelile, Kofi Annan akiwepo. Picha zote mbili zilituliza nchi kwa njia yake. Lakini mikono kushikana ni picha ya wakubwa wawili ambao nyumba zao hazikuchomwa. Mtazamaji wa Nairobi anapomwona Katara akikataa kulazimika kusamehe eti kwa sababu wengine wameshamsamehe Zuko, anaelewa jambo ambalo mtazamaji wa kwingine huenda akalipita. Wagombanao ndio wapatanao, sawa, lakini wagombanao wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake.

Kuna tofauti gani kati ya katuni na muvi ya waigizaji wa kweli katika mambo haya?

Kwenye katuni hakuna bahati. Mwigizaji anaweza kutetemeka mkono bila kukusudia, na mwongozaji akaupenda. Mchoraji hawezi. Sekunde moja ina fremu 24, na hata mchoro mmoja ukishikiliwa kwa fremu mbili, kuna michoro 12 ambayo mtu aliikalia mezani. Kwa hiyo mboni za joka zikipanuka, au bega la mtu likirudi nyuma kidogo kabla ya kukumbatiwa, ujue ni uamuzi. Simamisha picha. Tazama umbali kati ya miguu yao, nani amegeuza mgongo kwa nani, silaha iko wapi. Mara nyingi wameshaaminiana kwa miili sehemu tatu kabla ya kusema.

Katuni zetu za Afrika je?

Zipo nzuri, ila uadui wa muda mrefu bado hatujaufikia. *Tinga Tinga Tales*, iliyotengenezwa hapa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ni ngano fupi za wanyama. Ugomvi huisha kabla chai haijapoa. *Kizazi Moto* ya 2023 ina filamu fupi kumi, mojawapo ikiwa *Enkai* ya Ng'endo Mukii, Mkenya mwenzetu, nami naipenda kwa macho. Lakini filamu fupi haina nafasi ya kusaliti, kujuta na kungojewa. Hayo yanataka misimu, na misimu inataka pesa.

Ninaandika stori yangu. Nifanyeje ili upatanisho usionekane wa haraka?

Tafuta kwanza mahali panapouma, kwa vitu vinavyoshikika. Tuseme wahusika wako ni mwuza soksi wa barabara ya Tom Mboya na askari wa kanjo, yaani askari wa jiji, aliyewahi kumrushia mzigo wote kwenye gari. Usiwaandikie hotuba. Jiulize: huyu mwuzaji ana siri gani ambayo askari akiijua itammaliza? Ni anapoficha mzigo. Labda ni nyuma ya kibanda cha fundi viatu, au kwa mlinzi wa jengo fulani. Basi stori yako inaelekea siku ambayo, kwa kulazimika, anampitisha askari hapo na askari anaona kila kitu. Hasemi asante, wala hatoi ahadi.

Kisha andika msako unaofuata. Mwuzaji yuko ng'ambo ya barabara, moyo unamdunda, anaona kanjo wakikaribia kibanda cha fundi, na yule askari yuko mbele yao. Hapo ndipo pa kutulia, kurasa mbili au tatu, bila haraka. Akipita bila kugeuza kichwa, msomaji hahitaji kuambiwa lolote.

Mambo mengine: usimuue aliyetubu. Ni njia ya mkato, maana maiti halazimiki kukaa mezani kesho yake na watu aliowaumiza. Zuko, sehemu chache tu baada ya kupokelewa, anawagawia wenzake chai na kujaribu kusimulia kichekesho cha Iroh. Anakumbuka mwisho tu, kimeharibika, kila mtu kimya. Aibu ndogo kama hiyo hufanya kazi kuliko vita viwili. Na muache mmoja wa kundi asikubali. Kundi likikubali kwa sauti moja, umeandika mkutano wa chama.

Sina muda wa sehemu 61. Nipe za Zuko tu.

Msimu wa kwanza, sehemu ya 13, Aang anapomuuliza kama wangeweza kuwa marafiki na kujibiwa kwa moto. Msimu wa pili, ya 20, pangoni. Msimu wa tatu, ya 12 hadi ya 16, mfululizo, na ya 19 kwa ajili ya Iroh. Ya 17 ni kikundi cha maigizo kinachowaigiza wao wenyewe vibaya jukwaani. Si ya lazima, lakini Zuko na Katara wamekaa jirani, na hakuna anayeshangaa.